Mafunzo ya walimu wa uandishi wa kitaaluma

Mafunzo ya walimu wa uandishi wa kitaaluma ni maandalizi wanayopewa wanafunzi wa shahada ya uzamili na uzamivu, pamoja na wahitimu wanaoanza kazi ya chuo kikuu, ili waweze kuwafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza kuandika insha, ripoti na kazi nyingine za kitaaluma. Nchini Tanzania kazi hiyo hufanyika hasa ndani ya kozi ya stadi za mawasiliano, na mara nyingi huwaangukia wakufunzi wasaidizi.

Jambo linaloyatofautisha mafunzo haya na yale ya ualimu wa shule ni kwamba mwalimu mwenyewe bado anajifunza kuandika. Anaposahihisha insha za wengine, tasnifu yake nayo iko mezani kwa msimamizi wake ikisubiri kusahihishwa.

Historia

Mji wa Tabora, katika eneo la Unyanyembe, ulikuwa kituo kikuu cha njia ya misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji katika karne ya 19. Njia hiyo ilisaidia kueneza Kiswahili hadi bara. Wafanyabiashara waliandikiana barua kwa hati za Kiarabu, na kuandika kulikuwa kazi ya watu wachache. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na kuendelea hadi Kigoma mwaka 1914.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, serikali ya kikoloni ya Uingereza ilianzisha Shule ya Tabora mwaka 1922, mwanzoni hasa kwa ajili ya wana wa machifu. Mmoja wa wanafunzi wake alikuwa Julius Nyerere, aliyejiunga mwaka 1937. Kuanzia 1943 hadi 1945 alisomea stashahada ya ualimu Makerere, Uganda, kisha akarudi Tabora kufundisha katika shule ya Kikatoliki ya St. Mary's kuanzia 1946 hadi 1949. Baada ya hapo alikwenda Chuo Kikuu cha Edinburgh, alikohitimu mwaka 1952.

Mpangilio huo ulikuwa wa kawaida kwa walimu wa wakati ule: mafunzo ya ualimu kwanza, darasa baadaye, chuo kikuu mwisho. Kwa wakufunzi wasaidizi wengi wa leo umegeuka. Shahada huja kwanza, darasa hufuata mara moja, na mafunzo ya kufundisha huja baadaye au hayaji kabisa.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilichoanza mwaka 1961 na kuwa chuo kikuu kamili cha taifa mwaka 1970, kilianzisha kitengo cha stadi za mawasiliano mwishoni mwa miaka ya 1970. Vyuo vikuu vilivyoanzishwa baadaye vilichukua kozi za aina hiyo. Mjini Tabora kuna Chuo Kikuu Kishiriki cha Askofu Mkuu Mihayo (AMUCTA), kilicho chini ya Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino cha Tanzania. Kinaandaa walimu, wakiwemo wa elimu maalumu. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania nacho kina kituo chake mkoani humo.

Mkufunzi msaidizi

Mkufunzi msaidizi, ambaye wanafunzi humwita kwa kifupi TA, yuko katika ngazi ya kwanza ya walimu wa chuo kikuu. Juu yake wako mhadhiri msaidizi, mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki na profesa. Matangazo ya ajira ya vyuo vikuu vya umma kwa kawaida humtaka awe na shahada ya kwanza yenye wastani usiopungua 3.8 kati ya 5. Hutarajiwa kusoma shahada ya uzamili ili apande kuwa mhadhiri msaidizi.

Kigezo hicho kinapima jinsi mtu alivyofaulu masomo yake. Hakipimi kama anaweza kumweleza mwingine kwa nini aya yake haieleweki. Aliyesomea shahada ya ualimu amewahi kupita katika mazoezi ya kufundisha shuleni. Aliyesomea isimu, fasihi au sosholojia bila ualimu huenda akaingia darasani kwa mara ya kwanza akiwa tayari ndiye mwalimu.

Tofauti hiyo huonekana wazi mtu akilinganisha na chuo cha ualimu. Mwanachuo wa Chuo cha Ualimu Tabora huandaa azimio la kazi na andalio la somo, kisha hufundisha katika shule halisi huku mkufunzi wake akikaa nyuma ya darasa na kumtazama. Anayekwenda kufundisha watoto wa darasa la tatu hupitia hatua hizo zote. Anayekwenda kufundisha chuo kikuu si lazima azipitie.

Lugha

Katika shule za msingi za serikali wanafunzi husoma kwa Kiswahili kwa miaka yote, na Kiingereza huwa somo. Wakifika sekondari, Kiingereza huwa lugha ya kufundishia, na hubaki hivyo hadi chuo kikuu isipokuwa katika masomo kama Kiswahili chenyewe. Kwa hiyo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hujifunza mambo mawili kwa pamoja: kujenga hoja, na kuijenga kwa lugha asiyoitumia nyumbani. Mkufunzi msaidizi alipita njia hiyohiyo miaka michache tu iliyopita. Hilo humsaidia kujua mwanafunzi anakwama wapi, ingawa halimpi peke yake mbinu ya kumkwamua.

Mambo yanayofundishwa

Mafunzo ya aina hii, yawe ya siku chache kabla ya muhula au ya muhula mzima, kwa kawaida hugusa mambo yafuatayo:

Kutoa maoni. Tuseme mwanafunzi ameandika insha kuhusu sababu za Tabora kuwa kituo kikuu cha misafara. Ametaja pembe za ndovu, Waarabu, Wanyamwezi na wapagazi, lakini hakusema sababu ipi ilikuwa na uzito zaidi wala kwa nini. Mkufunzi akizungushia makosa ya tahajia kwa wino mwekundu tu, mwanafunzi atarekebisha tahajia na insha itabaki bila hoja. Mkufunzi hufundishwa kuanza na hoja, kisha mpangilio, na kumalizia na sarufi.

Kusawazisha alama. Wakufunzi wote husahihisha nakala za insha chache zilezile, kila mmoja peke yake, kisha hulinganisha alama. Mmoja anaweza kutoa 8 kati ya 20 na mwenzake 14. Majadiliano yanayofuata huwaonyesha ni nini hasa kila mmoja anakithamini.

Kupanga somo. Kazi ya mwisho hugawanywa katika hatua: mada, muhtasari, rasimu ya kwanza, rasimu ya pili.

Kutaja vyanzo. Mkufunzi hujifunza kutofautisha mwanafunzi anayeiba kazi ya mwingine na yule asiyejua bado namna ya kueleza wazo la mwingine kwa maneno yake.

Kutazamana. Wakufunzi hutembeleana madarasani, na mhadhiri mzoefu huwatazama wote.

Changamoto

Changamoto kubwa ni wingi wa kazi. Kundi moja la semina lenye wanafunzi 40, kila insha ikichukua dakika 15, linahitaji saa 10 za kusahihisha kwa zoezi moja. Mwenye makundi matatu anahitaji saa 30, kabla hajagusa tasnifu yake. Matokeo yake, baadhi ya walimu huacha insha na kutoa maswali ya kuchagua jibu, hata katika kozi ya uandishi.

Nyingine ni umbali. Mkufunzi wa chuo cha mkoani ambaye anasoma shahada ya uzamili Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800 kwa reli kutoka Tabora, huwa mbali ama na darasa lake ama na msimamizi wake.

Nchi nyingine

Nchini Marekani, Chuo Kikuu cha Harvard kilianza kuwapa waombaji mtihani wa kuandika mwaka 1874, na mwaka 1885 kozi ya uandishi ikawekwa katika mwaka wa kwanza. Vyuo vingi viliiga. Katika vyuo vikubwa vya nchi hiyo, sehemu kubwa ya madarasa hayo hufundishwa na wanafunzi wa uzamili na uzamivu. Wengi wao hupewa maandalizi mafupi kabla ya muhula, kisha husoma kozi ya kufundisha uandishi huku tayari wakiwa na madarasa yao.

Tazama pia

Tabora (mji)
Chuo Kikuu cha Dar es Salaam
Elimu nchini Tanzania
Insha