Chakula cha Santinele

Swali limetoka Keshero, kartiye ya magharibi mwa Goma, kule mawe meusi ya volkeno yanakoteremka kuelekea Ziwa Kivu. Aliyeandika ana mtoto wa miezi mitano na maziwa ya kumwaga. Jirani yake, ukuta kwa ukuta, amejifungua mimba ya miezi saba. Kichanga hakijafika kilo mbili na matiti ya mama bado makavu. Bibi wa nyumba kasema: mpe mtoto ziwa, mengine tutazungumza akishashiba. Muuguzi kasema: thubutu! Sasa dada yetu anauliza amsikilize nani.

Awasikilize wote wawili, maana kila mmoja anaongea habari ya kitu tofauti kilichomo kwenye maziwa yaleyale.

Kwamba maziwa ya mama ni bora sitaeleza; limebandikwa kwenye kuta za kliniki kutoka Uvira hadi Lamu. Protini tunaruka, vitamini tunaruka. Nina hamu ya kufika kwenye kitu kimoja tu, ambacho mtoto hunyweshwa kutwa kucha na hana uwezo wa kukimeng'enya.

Kitu hicho ni sukari. Lita moja ya maziwa ya binadamu ina gramu 70 hivi za laktosi, sukari ya kawaida ya maziwa, na gramu 40 hivi za mafuta. Halafu huja kundi la sukari ndefu, gramu 5 hadi 15 kwa lita, kiasi kinacholingana na protini yote iliyomo, na mara nyingine kuizidi. Maziwa ya ng'ombe wa Masisi, pamoja na sifa zake zote, yana chembe tu za sukari hizi. Kwa binadamu zimetambuliwa aina zaidi ya 150, na zote zimejengwa kwa vipande vya aina tano: glukosi, galaktosi, fukosi, asidi ya siali, na kimoja kiitwacho N-asetiliglukosamini, ambacho nakiombea radhi kwa niaba ya wakemia.

Jina lao la kitabuni ni oligosakaridi. Nimelizungusha mdomoni na halikai. "Sukari changamano" lingefaa, ila wanga wameshaliwahi. Nitaziita sukari mkufu, kwa kuwa vipande vyake hushikana kimoja baada ya kingine. Nyingine zina matawi, na mkufu wenye matawi hakuna sonara aliyewahi kuuza. Mwenye jina bora alilete, nitalipokea kwa mikono miwili.

Basi kwa nini mwili wa mama, ambao kila tone unalitoa kwenye akiba yake, ujitaabishe kutengeneza sukari ambayo mwanawe hawezi kuila? Sukari mkufu hupita tumboni bila kuguswa, hupita utumbo mwembamba bila kuguswa, hadi zifike utumbo mpana. Huko kuna anayezisubiri.

Watu wa Goma wataelewa upesi, kwa sababu wanajua habari za parsele. Ukinunua parsele ukaiacha wazi, siku ukirudi utakuta mtu ameshapanga mawe ya msingi na ana karatasi mkononi. Ndiyo maana unaweka santinele: unamjengea kibanda cha mbao, analala humo, na wewe unamlisha. Utumbo wa mtoto aliyezaliwa jana ni parsele tupu. Kila kijidudu kinachopita kinachungulia. Santinele wa kwanza kuwekwa humo ni bakteria wa jamii ya Bifidobacterium, ambao Henri Tissier wa Taasisi ya Pasteur mjini Paris aliwaona mwishoni mwa karne ya 19 kwenye vinyesi vya watoto wanaonyonya. Hodari wao kwa watoto wachanga ni Bifidobacterium infantis.

Sasa fikiria chakula cha huyu santinele. Ukimtumia ugali na sombe kwenye sahani wazi, watakula naye wote wanaopita njiani, wakiwemo wale uliomweka awafukuze. Mama hafanyi hivyo. Anatuma chakula ndani ya sanduku lililofungwa, na ufunguo anao santinele peke yake. Jenomu ya infantis iliposomwa, matokeo yakachapishwa mwaka 2008, watafiti wa California walikuta mfululizo wa jeni zimepangwa bega kwa bega kwa kazi hii moja: nyingine za kuishika sukari mkufu, nyingine za kuiingiza nzimanzima ndani ya seli, nyingine za kutengeneza vimeng'enya vya kuikata kipande kwa kipande. Wapo bakteria jamaa zake wanaoikatia nje, na makombo yakidondoka majirani wanaokota. Infantis anabeba sanduku hadi kibandani, anafunga mlango, ndipo anakula.

Akishiba anafanya kazi. Mabaki ya mlo wake ni asidi, asetati na lakteti, ambazo huufanya utumbo wa mtoto uwe mchachu, na vijidudu vingi vya kuharisha huuchukia uchachu kama popo anavyochukia mchana. Asetati hiyohiyo huziambia seli za ukuta wa utumbo zibanane. Santinele huyu, kwa maneno mengine, anafukuza wageni na papo hapo anaziba nyufa za ua, jambo ambalo wa Keshero wengi hawalifanyi bila nyongeza ya mshahara.

Na si masanduku yote hufika kibandani. Kijidudu kinachotaka kuingia kwenye seli ya utumbo hushika kwanza sukari zilizoota juu ya seli hiyo, kama mwizi anayepapasa giza akitafuta kitasa cha lango. Baadhi ya sukari mkufu zina umbo la vitasa hivyo hasa. Mama amevimwaga barabarani kwa maelfu. Mwizi anakamata kimoja, anakizungusha, lango halipo, na kabla hajang'amua ametolewa nje na nepi. Hilo limechunguzwa kwa Campylobacter, kimojawapo cha vijidudu vikuu vya kuharisha: utafiti wa Mexico uliochapishwa mwaka 2004 ulionyesha kwamba watoto ambao maziwa ya mama zao yalikuwa na wingi wa sukari mkufu fulani yenye fukosi waliugua mara chache zaidi.

Nimesema "fulani" kwa makusudi, maana hapa ndipo bibi wa nyumba anapoanza kupata pointi. Akina mama hawapiki sukari hizi kwa namna moja. Jeni iitwayo FUT2 ndiyo huamua kama fukosi itapachikwa mahali fulani, na katika jamii nyingi mama mmoja kati ya watano hivi hana toleo linalofanya kazi. Maziwa yake ni mazima kabisa, ila yanakosa sukari mkufu ambayo kwa wenzake ndiyo inayoongoza kwa wingi. Mwaka 2017 ulitoka ulinganisho wa maziwa ya akina mama wa nchi kadhaa, zikiwemo Kenya, Ethiopia, Ghana, Gambia, Peru na Sweden, na mchanganyiko haukufanana kutoka mahali hadi mahali. Majirani wa ukuta mmoja wanaweza kutofautiana vilevile. Mtoto wa zamani aliyenyonyeshwa na mama, shangazi na mke wa jirani alikuwa anapokea masanduku kutoka majiko matatu.

Kwa njiti, mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, jambo hili si la kupamba mazungumzo. Ugonjwa unaowatisha madaktari wa watoto njiti ni ule ambao ukuta wa utumbo hufa na kuoza mtoto angali hai. Maziwa ya kopo huongeza hatari yake. Maziwa ya binadamu, hata ya kuchangiwa, huipunguza hadi karibu nusu ukilinganisha na kopo. Na utafiti wa mwaka 2018 uliona kwamba njiti walioupata walikuwa wamenyonya maziwa yenye upungufu wa aina moja ya sukari mkufu. Aina moja, kati ya zaidi ya 150! Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwamba njiti ambaye maziwa ya mama yake hayapatikani apewe ya mama mwingine kabla ya kufikiria kopo.

Tumgeukie muuguzi, ambaye si mkaidi. Ana kumbukumbu. Mlipuko wa Ebola wa Gulu, Uganda, mwaka 2000, ulipochunguzwa baadaye, ulionyesha kirusi hai kwenye maziwa ya mama. Mlipuko wa Kivu ya Kaskazini na Ituri ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ukaingia Goma Julai 2019, na ulipotangazwa kwisha Juni 2020 ulikuwa umeua watu zaidi ya 2,200. Kule Beni palikuwa na kituo cha kulelea watoto kando ya hema za matibabu, na waliowapakata vichanga ni wanawake waliopona, kwa sababu miili yao ilishaijua Ebola. Walipakata, waliimba, walibadilisha nepi. Kunyonyesha, hapana. Ongeza virusi vya UKIMWI, ambavyo vinaweza kupita kwenye maziwa bila mama kuonyesha dalili yoyote, nawe utaelewa ile "thubutu" ilitoka wapi.

Lakini kirusi na sukari mkufu hawauogopi moto sawasawa, na hapo ndipo ugomvi wa nyumba ile unapoweza kwisha. Pasha maziwa hadi nyuzi 62.5 kwa nusu saa: virusi vya UKIMWI vinakufa, bakteria wa kawaida wanakufa. Kinga za mama zinapungua, kimeng'enya cha kusaga mafuta kinateketea. Sukari mkufu hazijui hata kama zimepikwa. Hiyo ndiyo njia ya benki za maziwa, na huduma hiyo ina umri. Ya kwanza ilifunguliwa Vienna mwaka 1909 na Theodor Escherich, yuleyule aliyekuwa ameeleza mwaka 1885 juu ya bakteria wa kinyesi cha watoto ambaye leo tunamwita Escherichia coli. Brazil ina benki zaidi ya 200 na hukusanya maziwa kwenye mitungi ya kioo ya kahawa yenye vifuniko vya plastiki, iliyochemshwa. Kenya ilifungua ya kwanza katika hospitali ya uzazi ya Pumwani, Nairobi, mwaka 2019. Waislamu wa Goma wataniuliza habari ya undugu wa kunyonya. Wanazuoni wenyewe wamegawanyika: Yusuf al-Qaradawi aliziruhusu benki hizi mwaka 1983, na baraza la fiqhi lililokutana Jeddah likazikataa mwaka 1985. Pale ambapo mtoaji ni jirani mmoja na anajulikana kwa jina, angalau hesabu ya undugu haipotei.

Pumwani ni mbali na Keshero, na umeme wa kugandishia mitungi ni habari nyingine. Ipo njia ya jikoni, iliyobuniwa kwa ajili ya akina mama wenye virusi vya UKIMWI, na akina mama wa Dar es Salaam wameifuata majumbani mwao. Maziwa yaliyokamuliwa, mililita 50 hadi 150, yanatiwa kwenye mtungi wa kioo usiofunikwa. Mtungi unasimamishwa ndani ya sufuria ya alumini yenye maji yanayopita usawa wa maziwa kwa vidole viwili. Moto mkali. Maji yakitokota hasa, mtungi unatolewa papo hapo. Maziwa yamefika nyuzi 73 hivi.

Yamefika huko Durban, mahali njia hii ilipopimwa, na Durban iko baharini kama Dar. Uso wa Ziwa Kivu uko mita 1,460 juu ya bahari, na kwenye kimo hicho maji hutokota yakiwa na nyuzi 95 tu, kwa hiyo maziwa nayo yatasimama chini kidogo ya yale ya pwani. Anayepikia mkaa wa Goma asidanganywe na viputo vya kwanza vya kingoni. Asubiri sufuria nzima ipinduke. Pretoria, mji ulio zaidi ya mita 1,300 juu ya bahari, una njia yake: maji yanachemshwa, sufuria inaepuliwa, mtungi unazamishwa humo na kuachwa kwa zaidi ya dakika ishirini. Jeffery na Mercer waliieleza mwaka 2000, na mimi naipenda kwa kuwa ilizaliwa nyanda za juu.

Mtoaji apimwe kwanza UKIMWI, homa ya ini na kaswende, asiwe na homa wala vipele, mtoto anyweshwe kwa kikombe, na yote yapitie kwa muuguzi, anayejua uzito na hali ya kichanga.

Limebaki jambo moja, nalo linamhusu jirani mwenye matiti makavu. Moto ule unaookoa sukari mkufu unaua bakteria waliokuwa njiani, santinele akiwemo. Masanduku yatafika kibandani na kukuta hakuna mtu. Santinele wa mtoto hutoka kwa mama mwenyewe, wakati wa kuzaa, kwenye ngozi na kwenye maziwa yake mabichi. Hiyo ni sababu mojawapo ya kumfunga njiti kifuani, ngozi kwa ngozi, kama walivyoanza kufanya Bogotá mwaka 1978. Huku kichanga kikipewa maziwa ya kuchangiwa, mama akamue kila baada ya saa tatu, usiku pia, hata kama hatoki na kitu. Siku za kwanza atapata matone ya dang'a, ya manjano, ya kujaza kijiko tu, ambayo watu wengi bado huyamwaga. Dang'a lina sukari mkufu gramu 20 na zaidi kwa lita, karibu mara mbili ya maziwa yaliyokomaa, na halihitaji moto. Lipakwe ndani ya mashavu ya mtoto lingali na joto la mwili.