Fahamu: Kwa nini namba moja ya tembo haimtoshi mhifadhi

Sensa ya tembo kwa ndege kwa kawaida haihesabu kila mnyama. Ndege hupita kwenye mistari iliyonyooka, na watazamaji huhesabu wale tu wanaoonekana kati ya fito mbili zilizofungwa chini ya bawa. Idadi ya eneo zima hukadiriwa kutokana na sampuli hiyo.

Katika mfumo ikolojia wa Ruaha-Rungwa, Tanzania, makadirio yalikuwa takriban tembo 20,000 mwaka 2013, 8,300 mwaka 2014 na 15,800 mwaka 2015. Tembo hawazaliani kwa kasi hiyo. Mimba yao huchukua miezi 22 hivi. Kwa kuwa hutembea kwa makundi, kundi moja kubwa likiwa nje ya mstari, jumla hubadilika.

Ndiyo maana kila kadirio huhitaji kiwango chake cha chini na cha juu. Jibu la kitakwimu linalosema tu kwamba tofauti ipo au haipo halimsaidii mkuu wa hifadhi kupanga doria. Anachohitaji ni uwezekano kwamba idadi imeshuka chini ya kiwango kilichokubaliwa, pamoja na gharama ya kukosea: kuongeza askari bila sababu, au kuchelewa huku majangili wakiua.