Mlima Fuji na Njia Zake Nne

Leo twataka kuwaelezeni habari za Fuji, mlima ulio mrefu kuliko yote ya nchi ya Japani. Kimo chake ni meta 3,776, yaani futi 12,388. Mlima huu uko katika kisiwa cha Honshu, upande wa kusini-magharibi wa Tokyo, na mbingu ikiwa safi huonekana kutoka mjini humo.

Fuji ni mlima wa moto. Umejengwa kwa majivu na mawe yaliyoyeyuka, tabaka juu ya tabaka, hata umepata umbo la kawa la kufunikia chakula. Mara ya mwisho ulilipuka mwaka 1707, na majivu yake yakaanguka hata Edo, ndio mji uitwao Tokyo sasa. Tangu hapo umenyamaza, lakini haukufa.

Njia za kwendea kileleni ni nne, na kila moja imegawanywa kwa vituo, toka chini hata cha kumi. Wapandaji wengi hufika kituo cha tano kwa gari, kisha huenda kwa miguu. Njia ya Yoshida yapanda kutoka kaskazini, nayo ndiyo yenye watu wengi. Ya Subashiri yatoka mashariki, na mwanzo wake hupita msituni. Ya Gotemba, ya kusini-mashariki, huanza chini sana, yapata meta 1,440, kwa hiyo ni ndefu kuliko zote. Ya Fujinomiya, ya kusini, huanza yapata meta 2,400. Ni fupi, lakini ni ya mawe na mwinamo mkali.

Sasa tuangalie hatari iliyojificha. Mlima huu ni mviringo, na pande zake zafanana. Washukao kwa Yoshida na washukao kwa Subashiri hufuata njia moja kwanza, kisha hutengana penye kituo cha nane. Mtu aliyechoka, au aliyefunikwa na ukungu, asipoangalia kibao hujikuta ameshukia upande mwingine kabisa, mbali na alikoanzia. Kwa sababu hiyo vibao vina rangi: manjano ni Yoshida, nyekundu Subashiri, kijani Gotemba, na buluu Fujinomiya. Yapasa mtu aikariri rangi yake kabla hajaanza safari.

Hatari nyingine ni baridi na wepesi wa hewa. Njia hufunguliwa mwezi wa Julai na kufungwa mwezi wa Septemba. Hata katika miezi hiyo kileleni kuna baridi kali na upepo. Apandaye usiku kucha bila kupumzika huumwa na kichwa na kutapika, na dawa iliyo bora ni kushuka. Mwaka 2025 ada ya yen 4,000 ilitozwa katika njia zote nne, na asiyekuwa na nafasi ya kulala katika vibanda vya mlimani hakuruhusiwa kuanza kupanda baada ya saa nane mchana.

Basi, afikaye kileleni amemaliza nusu tu ya safari. Mwenda pole hajikwai, naye asomaye vibao hurudi alikotoka.