Kendu Bay: Wikendi kwa Mgeni, Somo kwa Mwenyeji

Anayeishi ugenini huijua nchi aliyohamia kwa njia mbili: kazi za Jumatatu hadi Ijumaa, na safari za Jumamosi. Kazi humkutanisha na ofisi. Safari humkutanisha na watu. Wageni wengi wanaoishi Kisumu, wawe madaktari, watafiti au walimu wa kujitolea, wikendi ikifika hufikiria mbuga za wanyama. Nawasihi wajaribu pia barabara ya Kendu Bay.

Matatu ikitoka Kisumu hupita Ahero penye mashamba ya mpunga, hufika Katito, kisha hukunja kulia na kuvuka mto Sondu Miriu. Baada ya hapo Ghuba ya Winam huanza kuonekana upande wa kulia, na abiria wa mwisho huteremka katika mji mdogo wa Kaunti ya Homa Bay ambao historia yake imeandikwa kwa sehemu kubwa na watu waliokuja kutoka mbali.

Wafanyabiashara Wahindi walifungua maduka hapa, na Waislamu wakajenga msikiti katika mji wa kale. Mwaka 1906 Waadventista Wasabato walianzisha misheni ya Gendia, juu kidogo ya mji. Waliotangulia walikuwa Arthur Carscallen, mzaliwa wa Kanada, na Peter Nyambo, Mwafrika kutoka Nyasaland, ambayo leo ni Malawi. Carscallen alijifunza Kijaluo mpaka akaandika sarufi yake, na kufikia 1913 misheni ilikuwa na kiwanda cha kupiga chapa. Hivyo ndivyo mtu anavyoishi ugenini kwa heshima: anaanza na lugha ya jirani yake.

Karibu na mji kuna Simbi Nyaima, ziwa la volkeno lenye maji ya magadi ya rangi ya kijani, ambako heroe huonekana misimu fulani. Wazee husimulia kwamba palikuwa na kijiji hapo. Usiku wa sherehe alifika bibi kizee mchovu, akaomba chakula na mahali pa kulala, akafukuzwa nyumba kwa nyumba. Mwanamke mmoja tu alimkaribisha. Bibi akamwambia aondoke na jamaa zake, na maji yakakimeza kijiji chote. Mgeni njoo, mwenyeji apone: Simbi wanaliamini neno hilo kwa dhati.

Kendu Bay imewatuma pia watoto wake ugenini. Kanyadhiang, nje kidogo ya mji, ndiko asili ya Hussein Onyango Obama. Mwanawe, Barack Obama Mkubwa, alizaliwa huko na mwaka 1959 akaenda Hawaii kusoma chuo kikuu. Miaka 50 baadaye, Januari 2009, mtoto aliyempata huko aliapishwa kuwa rais wa Marekani. Leo vijana wa Karachuonyo, eneo ulimo mji huu, wako Ulaya, Amerika na nchi za Ghuba, na kila mmoja anatumaini kumpata mwanamke kama yule wa Simbi.

Ukifika, usikimbilie picha. Amka mapema uende ufuoni, wavuvi wanaporudi na omena waliyovua usiku kwa mwanga wa taa, na kina mama wakiianika juani. Salimia kwanza, uliza kabla ya kupiga picha, nunua samaki kwao. Mpe kijana wa hapo kazi ya kukuongoza Simbi na umlipe haki yake. Ukikaribishwa ugali, nawa ule.

Nasi wenyeji tuna wajibu wetu. Serikali ya kaunti iitunze Simbi na majengo ya mji wa kale kabla hayajaanguka. Wahudumu wa magari waache kumpandishia mgeni nauli kwa sababu ya rangi au lafudhi yake. Mji uliojengwa na wageni, na wenye watoto wake katika nchi za watu, hauna udhuru wa kumtendea mgeni vibaya.