Kupima Manukato: Harufu, Kudumu na Hiari ya Mtu



Kijana wa mwanachama mmoja, aliyekwenda kufanya biashara Bariadi, mkoani Simiyu, ametuletea barua. Asema mafuta ya kujipaka yenye karafuu aliyoyachukua kisiwani yamelala dukani, na wateja wanunua manukato ya spiriti. Auliza: je, karafuu yetu imeshindwa? Twaona jibu lafaa kusomwa na wote, maana wengi wetu twauza harufu tusiyojua kuipima.

Kwanza ijulikane kuwa pua hudanganyika dukani. Spiriti huruka upesi, na harufu nyepesi kama za ganda la ndimu au chungwa hazikawii kuifuata. Hizo ndizo zinazompokea mnunuzi, na kabla hajafika kwake zimekwisha. Nyuma yake huja maua, asumini na waridi, na mwisho hubaki vitu vizito: udi, sandali, miski. Karafuu haimo katika zile nyepesi. Asili yake kubwa ni yujenoli, ambayo huchemka kwenye nyuzi 254 za joto, hali maji huchemka kwa 100. Ndiyo sababu haina haraka ya kuondoka. Basi mwenye kupima kwa dakika moja ataichagua spiriti kila mara.

Kipimo cha haki ni hiki. Twaa vitambaa viwili vya pamba (na Bariadi ni nchi ya pamba, havikosekani), tia tone moja moja, uandike saa. Nusa papo hapo, kisha baada ya nusu saa, baada ya saa nne, na asubuhi ya pili. Nguo hushika harufu kuliko ngozi, kwa hiyo jaribu na mkononi pia, lakini usitie aina mbili mkono mmoja. Usinuse aina nyingi kwa mara moja, pua huchoka. Sisi tunaoanika karafuu majamvini hatuisikii tena, na mgeni aisikia tangu njiani! Tena ngozi kavu haiweki harufu, na kiangazi cha Simiyu ni kikavu kuliko hewa yetu ya bahari. Kijana asistaajabu yaliyodumu Pemba hadi isha yakimwishia huko alasiri.

Kudumu kwapimika kwa saa, kupenda hakupimiki. Mtu aliyezibwa jino huenda akisikia karafuu akamkumbuka mganga wa meno, kwa kuwa yujenoli hutumiwa katika dawa za kuzibia. Mwengine humkumbuka bibi harusi aliyesingwa kwa singo. Hapana mmoja kati yao aliyekosea. Wafaransa nao hawakuidharau karafuu: manukato ya Opium ya Yves Saint Laurent, yaliyotolewa mwaka 1977, yasifika kwa harufu yake ya viungo, na karafuu imo.

Kwa hiyo kijana tumemjibu hivi: aweke dukani kitambaa alichokitia mafuta jana, kando ya kitambaa cha spiriti cha jana vilevile, amwachie mteja anuse mwenyewe. Na karafuu asiiuze peke yake. Aichanganye na asumini au mlangilangi, ipate ulaini. Mafuta yatokayo kwenye karafuu yenyewe ni laini kuliko ya makonyo au ya majani, ambayo ni makali na rahisi kwa bei. Wako wauzaji wanaoyapitisha haya kwa jina la yale, na kitambaa cha asubuhi ya pili husaidia kuwatambua.

Mafuta matupu ya karafuu yasipakwe mwilini, huunguza. Tone moja kwa matone 200 ya mafuta ya nazi latosha, na wako ambao ngozi zao hazikubali hata hayo. Ndiyo sababu Jumuiya ya Ulaya ilipitisha mwaka 2003 sheria ya kutaka yujenoli itajwe kwenye chupa ya manukato. Watoto wasiyafikie kabisa. Yahifadhiwe katika chupa ya kioo cheusi, si ya plastiki, maana plastiki nyengine huliwa na mafuta haya.

Katibu