Sukari Ikishuka, Usishangilie Kwanza

Tuseme ni msichana wa Wajir mjini, Kenya, ana kisukari cha aina ya kwanza tangu utotoni. Mwaka huu dozi yake ya insulini imepunguzwa mara mbili, na bado sukari inashuka. Nyumbani wanashukuru: ugonjwa unaondoka. Mimi ningemwomba afungue kinywa, kisha anyooshe viganja.

Kinga ya mwili iliyokwisha kushambulia kongosho inaweza kuhamia kwingine: tezi ya shingo, au zile tezi mbili zilizokaa juu ya figo. Mjerumani Martin Schmidt aliandika kuhusu ugonjwa wa tezi ya shingo na zile za juu ya figo kwa pamoja mwaka 1926. Tezi za juu ya figo zikiharibika, homoni ya kotisoli huisha. Ndiyo husaidia kupandisha sukari, kwa hiyo insulini iliyotosha jana leo inazidi.

Ngozi nayo hukolea weusi. Kwetu weusi huo utafute kwenye ufizi, mikunjo ya viganja na makovu mapya. Na ukimwona mtu analamba chumvi kiganjani kama sukari, tena katika mji ambao hata maji ya visima yana chumvi, apimwe kotisoli saa mbili asubuhi. Kifua kikuu nacho kisisahaulike: Thomas Addison alipoueleza ugonjwa huu wa tezi za juu ya figo mwaka 1855, wagonjwa wake wengi walikuwa nacho, na bado huziua tezi hizi.

Mtego mbaya, tezi ya shingo nayo ikiwa imeharibika, uko kwenye zamu ya dawa. Tembe za tezi ya shingo zikitangulia, mwili humaliza haraka kotisoli kidogo iliyobaki. Presha huanguka, mgonjwa anaweza kufa. Haidrokotisoni, dawa ya kuziba pengo la kotisoli, kwanza; tembe za tezi ya shingo baadaye. Rais Kennedy wa Marekani alimeza dawa za magonjwa yote mawili hata akiwa Ikulu.

Kuishi na magonjwa haya Wajir ni hesabu ya kila siku. Homa ikija, haidrokotisoni huongezwa maradufu. Akitapika, ni sindano na hospitali, si kungoja gari la Garissa, zaidi ya kilomita 300. Ruhusa ya kula Ramadhani mgonjwa anayo, ila wengi huona haya kuitumia. Aonane na daktari kabla mwezi haujaandama. Insulini, pasipo friji, huwekwa kwenye chungu kidogo ndani ya kikubwa, katikati mchanga uliolowa. Hewa kavu ya Wajir huyakausha maji ya mchanga huo upesi na kupoza chungu, mradi kuna mtu wa kuumwagia mchanga maji tena asubuhi na jioni.