Je, Wajua? Ndege Wasio na Miguu Kaburini

Je, wajua kwamba Wamisri wa kale waliziogopa picha walizozichora wenyewe? Waliamini kuwa kilichochorwa kaburini kingeweza kupata uhai. Mkate uliochongwa ukutani ulimlisha marehemu milele. Na nyoka je? Hapo ndipo palipokuwa na kazi, maana waliandika kwa picha, na sauti ya “f” iliandikwa kwa nyoka mwenye pembe. Bila yeye maombi hayakamiliki. Mnamo 1800 KK waandishi walipata dawa: wakamchora nyoka bila mkia, na ndege bila miguu, wasije wakamdhuru marehemu. Ndege hao walemavu wamo katika maandishi ya kaburi la Neferuptah, binti wa Mfalme Amenemhat wa Tatu, karibu na Hawara. Ukiwatazama, kichwa na mabawa vimechorwa kwa ustadi mkubwa, halafu chini ya tumbo hakuna kitu.

Je, wajua kwamba sanamu ilifanyiwa ibada kabla ya kuanza kazi? Kuhani aligusisha tezo, chombo kile kile cha seremala, kwenye kinywa chake ili iweze kula, kusema na kupumua. Ndiyo maana sanamu nyingi za Misri hazina pua. Nyingine zilianguka tu, lakini nyingi zilivunjwa makusudi na watu waliotaka kuizima pumzi ya sanamu hizo.

Kule Saqqara, sanamu ya Mfalme Djoser, aliyetawala yapata 2650 KK, ilifungiwa katika chumba cha mawe kisicho na mlango, kando ya piramidi yake. Ukuta umetobolewa matundu mawili usawa wa macho. Mgeni wa leo huchungulia ndani, ila yalitobolewa ili mfalme atazame nje na moshi wa ubani umfikie.

Je, wajua kwa nini Osiris, mungu wa wafu, huchorwa akiwa na ngozi ya kijani? Ni rangi ya mimea inayochipua upya. Dhahabu nayo ilikuwa nyama ya miungu, na barakoa ya dhahabu ya Mfalme Tutankhamun ina uzito wa zaidi ya kilo 10.

Kaburini mwake mlikuwa pia na vinyago 413 vya kumfanyia kazi ahera: vibarua 365, mmoja kwa kila siku ya mwaka, wanyapara 36, na wasimamizi 12 wa miezi.